Kwa Nini Thunderbird Hutoka Baada ya Firefox: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa karibu kila mara kivinjari cha Firefox kinapopata toleo kubwa jipya huku programu ya barua pepe ya Thunderbird ikiwa bado kwenye namba ya zamani. Majibu mengi yana asili moja: programu hizi mbili zimejengwa juu ya injini ile ile, lakini injini hiyo hutengenezwa kwa kufuata mahitaji ya kivinjari, na timu ya barua pepe, ambayo ni ndogo zaidi, huipokea ikiwa tayari imebadilika.

Firefox na Thunderbird zina undugu gani?

Ni ndugu wa tumbo moja. Tarehe 31 Machi 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa hadharani msimbo wa programu yake ya intaneti, na hapo ndipo mradi wa Mozilla ulipoanzia. Mozilla 1.0, iliyotoka Juni 2002, ilikuwa programu moja kubwa iliyobeba kivinjari, barua pepe, kitabu cha anwani na kihariri cha kurasa za wavuti kwa pamoja. Baadaye ilionekana kwamba watu wengi walihitaji kimoja tu kati ya hivyo, na kazi ikagawanywa. Firefox 1.0 ilitolewa tarehe 9 Novemba 2004, na Thunderbird 1.0 ikafuata tarehe 7 Desemba mwaka huo huo. Zilitengana kwa sura na kwa majina, lakini msingi ulibaki mmoja hadi leo.

Ni vijenzi gani hasa vinavyotumiwa na zote mbili?

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni Gecko, injini inayosoma HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za wavuti, na kuzichora kwenye skrini. Barua pepe nyingi za siku hizi huandikwa kwa HTML, na madirisha yenyewe ya Thunderbird, pamoja na menyu na vitufe vyake, huchorwa na injini hiyo hiyo. Kuna SpiderMonkey inayoendesha JavaScript, lugha ya programu ndogo zilizomo ndani ya kurasa, na kuna NSS, maktaba (yaani msimbo ulio tayari wa kutumiwa na programu nyingine) inayoshughulikia vyeti na usimbaji wa mawasiliano, ile inayohakikisha kwamba seva unayoongea nayo ndiyo kweli inayodai kuwa. Juu ya hayo zipo maktaba za watu wengine, nje ya Mozilla kabisa, ambazo huchukuliwa na kufungashwa ndani: za kusoma picha, za kucheza video, za kuhifadhi data.

Thunderbird huongeza juu yake mambo yake yenyewe, yaani IMAP, POP na SMTP, ambazo ni itifaki za kupokea na kutuma barua, usimamizi wa folda, vichujio, kalenda na kitabu cha anwani. Kwa miaka mingi msimbo huu umekaa katika hazina iitwayo comm-central, wakati msimbo wa Firefox na Gecko umekuwa katika hazina iitwayo mozilla-central. Anayetaka kuijenga Thunderbird hulazimika kuzichukua zote mbili na kuiweka ya kwanza ndani ya ya pili. Mpangilio huo wa hazina unaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote nani anamtegemea nani.

Basi kama injini ni moja, kwa nini zisitoke siku moja?

Kwa sababu injini inapobadilika, kila kilichojengwa juu yake hubidi kirekebishwe. Msanidi wa Firefox anapoondoa sehemu ya zamani ya Gecko, yeye huwa ameshahakikisha kwamba kivinjari hakiihitaji tena. Hana wajibu wa kuhakikisha kwamba programu ya barua pepe haiihitaji. Asubuhi inayofuata timu ya Thunderbird hukuta programu yao haijengeki, au inajengeka lakini dirisha la kuandikia barua halifunguki, na kazi waliyokuwa wamepanga kuifanya siku hiyo husimama. Mfano mzuri ni XBL, teknolojia ya zamani ya kuundia vipande vya madirisha, ambayo Mozilla ilimaliza kuiondoa katika Firefox mwaka 2019. Thunderbird ilikuwa imeitumia kila mahali, na timu yake ililazimika kuandika upya vipande hivyo kimoja baada ya kingine, bila mtumiaji kuona chochote kipya kwenye skrini yake.

Tofauti ya tarehe imekuwa ikipanda na kushuka. Firefox 60 ilitoka tarehe 9 Mei 2018, ilhali Thunderbird 60 ilitoka tarehe 6 Agosti, karibu miezi mitatu baadaye. Miaka miwili mbele, Firefox 78 ilitoka tarehe 30 Juni 2020 na Thunderbird 78 ikafuata tarehe 17 Julai. Mwaka 2023 pengo lilikuwa wiki moja tu: Firefox 115 tarehe 4 Julai, Thunderbird 115 tarehe 11 Julai. Kupungua huku hakukuja kwa bahati. Tangu mwaka 2020 Thunderbird imekuwa chini ya kampuni yake yenyewe, MZLA Technologies, iliyo mali ya Wakfu wa Mozilla na inayoendeshwa kwa michango ya watumiaji, na michango hiyo imewezesha kuajiri watu wa kuifanya kazi hii kila siku badala ya kuiacha mikononi mwa wachache wanaojitolea baada ya saa za kazi. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi ulio wazi zaidi kwamba ucheleweshaji wa miaka ya nyuma ulikuwa tatizo la watu kutotosha, wala haukuwa uzembe.

Ucheleweshaji mkubwa kuliko wote ulikuwa upi?

Pengine ule wa Thunderbird 3.0, na inafaa kuueleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo bado yanatokea kwa kiwango kidogo.

Thunderbird 2.0 ilitoka tarehe 18 Aprili 2007. Ilitumia Gecko 1.8.1, ambayo ndiyo iliyokuwa ndani ya Firefox 2. Firefox 3.0 ilipotoka tarehe 17 Juni 2008 ikiwa na Gecko 1.9, Thunderbird haikutoa toleo lolote kubwa juu ya injini hiyo, bali iliamua kuisubiri Gecko 1.9.1. Injini hiyo ilikuwa ikiandaliwa pamoja na Firefox 3.1, toleo lililotarajiwa kuwa dogo. Halikuwa dogo. Liliongezewa njia mpya ya kuharakisha JavaScript, hali ya kuvinjari kwa faragha, na video zinazochezwa moja kwa moja ndani ya ukurasa. Machi 2009 uliamuliwa mradi huo uitwe Firefox 3.5, kwa kuwa kazi iliyofanyika ilizidi kile ambacho namba 3.1 ingeashiria. Ikatoka hatimaye tarehe 30 Juni 2009.

Waliokuwa wakiisubiri injini hiyo ndipo wakaanza kufika, kila mmoja kwa wakati wake. SeaMonkey 2.0, ndugu mwingine wa ukoo huu anayeelezwa hapa chini, ilitoka tarehe 27 Oktoba 2009, na Thunderbird 3.0 tarehe 8 Desemba 2009. Kati ya Thunderbird 2 na 3 ilipita zaidi ya miaka miwili na nusu. Hata hivyo si haki kuitupia injini lawama yote, kwani Thunderbird 3 yenyewe ilikuwa imebeba mengi: vichupo, utafutaji mpya unaotegemea faharasa ya barua zote, na mwongozo mpya wa kufungua akaunti. Mradi ukisubiri kitu kimoja kwa muda mrefu hushawishika kuongeza vingine wakati wa kusubiri, na vile vilivyoongezwa huja kuwa sababu mpya ya kuchelewa hata baada ya kile cha kwanza kuwasili.

Je, Mozilla ilijifunza lolote kutokana na hayo?

Ilijifunza, ingawa baada ya kuumia mara nyingine. Firefox 4 ilikusudiwa itoke kabla ya mwaka 2010 kwisha. Ilipitia matoleo 12 ya majaribio na kutoka tarehe 22 Machi 2011. Baada ya hapo utaratibu ulibadilishwa kabisa, ukawa kama wa treni yenye ratiba: toleo jipya hutoka kila baada ya wiki sita, na kipengele ambacho hakijawa tayari siku ya kuondoka hupanda treni inayofuata. Firefox 5 ilitoka kwa mtindo huo tarehe 21 Juni 2011, na tangu mwaka 2020 muda huo umepunguzwa hadi takriban wiki nne.

Kwa kivinjari, jambo hili liliondoa karibu kabisa ucheleweshaji wa miezi. Kwa waliokitegemea kivinjari, lilileta mzigo mpya: msingi wao sasa ulikuwa ukibadilika kila baada ya wiki chache.

Mbona namba za Thunderbird zinaruka? Sikuwahi kuiona Thunderbird 4.

Haikuwahi kutolewa. Kutoka 3.1 iliruka hadi 5 mwezi Juni 2011 ili namba yake ilingane na ya injini iliyomo ndani. Baadaye, kutoka 17 ikaenda 24, kisha 31, 38, 45, 52, 60 na kuendelea hadi 115, 128 na 140. Namba hizo ni za matoleo ya Firefox yenye usaidizi wa muda mrefu. Toleo la namba uliyoikosa kwa kawaida lilikuwepo kama la majaribio tu, kwa hiyo hukupitwa na kitu.

Toleo lenye usaidizi wa muda mrefu maana yake nini?

Ni toleo ambalo hubaki na vipengele vyake vile vile kwa takriban mwaka mmoja huku likiendelea kupokea marekebisho ya usalama. Hujulikana kwa herufi ESR, na la kwanza lilikuwa Firefox 10, mwanzoni mwa mwaka 2012. Lilianzishwa kwa ajili ya mashirika, shule na ofisi ambazo haziwezi kukagua programu upya kila baada ya wiki sita. Julai 2012 Mozilla ilipotangaza kwamba Thunderbird haitakuwa tena kipaumbele chake, tawi la ESR, yaani mfululizo huo wa matoleo, ndilo lililoiokoa, kwa kuwa timu ndogo iliweza kufanya ile kazi kubwa ya kuhamia injini mpya mara moja kwa mwaka badala ya mara nane.

Tangu Machi 2025, kuanzia namba 136, Thunderbird hutolewa pia kila mwezi kwa anayetaka. Anayependa utulivu anaweza kubaki kwenye ESR, na kwa ofisi nyingi huo ndio ushauri wangu.

Nimesoma kwamba toleo jipya limeshatoka, lakini programu yangu inasema haina sasisho. Kuna hitilafu?

Hakuna. Thunderbird 78.0, kwa mfano, ilipotoka ilipatikana kwa kuipakua kwenye tovuti pekee, na waliokuwa na toleo la 68 hawakupelekewa sasisho la kujiendesha hadi matatizo ya mwanzo yalipotatuliwa. Utaratibu wa kufungulia sasisho kidogo kidogo huwapa wasanidi nafasi ya kugundua kasoro kabla haijawafikia watu wote, na kwa programu inayohifadhi barua za mtu za miaka 15, tahadhari hiyo ni ya lazima. Ukurasa wa wavuti ukishindwa kufunguka unaufungua tena. Folda ya barua ikiharibika huenda isirudi.

Je, kuchelewa huku kunaniweka hatarini?

Kwa kawaida hapana, na hili ndilo swali ninalotamani kila msomaji alielewe vizuri, kwa sababu kuna aina mbili za kuchelewa ambazo watu huzichanganya. Kuchelewa kwa toleo kubwa lenye sura mpya hakumdhuru mtu. Kuchelewa kwa marekebisho ya usalama kunadhuru, na hayo hufuata ratiba tofauti.

Septemba 2023 uligunduliwa udhaifu katika libwebp, maktaba ya Google ya kusomea picha za aina ya WebP, uliosajiliwa kwa namba CVE-2023-4863 na ambao tayari ulikuwa ukitumiwa na wavamizi. Maktaba hiyo imo ndani ya Chrome, ndani ya Firefox, ndani ya Thunderbird na ndani ya programu nyingine nyingi sana. Tarehe 12 Septemba, siku moja baada ya Chrome, Mozilla ilitoa Firefox 117.0.1, matoleo mawili ya ESR na matoleo mawili ya Thunderbird, 102.15.1 na 115.2.2. Dharura ilipokuja, barua pepe haikuachwa nyuma hata kidogo. Hapa kijenzi cha pamoja kilikuwa chanzo cha hatari kwa wote, na pia njia ya kuwaponya wote kwa rekebisho moja.

Lakini usidhani kwamba programu zinazotumia maktaba moja huathirika sawasawa. Desemba 2021 Tavis Ormandy wa Google alieleza udhaifu mkubwa katika NSS, CVE-2021-43527, unaohusu ukaguzi wa sahihi za kidijitali. Firefox haikuathirika, kwa kuwa hukagua vyeti kwa njia nyingine. Waliokuwa hatarini ni wale walioitumia NSS kukagua sahihi zilizomo ndani ya barua na nyaraka, miongoni mwao Thunderbird, LibreOffice na Evolution. Ndiyo maana jibu la kwamba kivinjari ni salama haliwezi kuchukuliwa kuwa jibu la programu ya barua pepe pia.

Udhaifu mwingi wa injini hutangazwa kwa Firefox. Unaweza kutumiwa kupitia barua?

Mwingi hauwezi, kwa sababu Thunderbird haiendeshi JavaScript iliyomo ndani ya barua unazosoma. Hatari hubaki pale programu inapofungua kurasa za wavuti ndani yake, kwa mfano kwenye kichupo.

Kwa nini viendelezi vyangu huacha kufanya kazi baada ya toleo kubwa?

Viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea uwezo, vya zamani viliruhusiwa kugusa matumbo ya injini moja kwa moja, hivyo kila injini ilipobadilika vilivunjika. Firefox 57 iliviondoa vyote mwezi Novemba 2017 na kubakiza vile vinavyopita kwenye milango rasmi. Thunderbird ilifuata kwa hatua, na ikakamilisha jambo hilo katika toleo la 78. Lililowaumiza wengi ni kuondoka kwa Enigmail, kiendelezi cha kusimba barua kwa kiwango cha OpenPGP, ambacho watu walikitegemea kwa miaka. Timu ililijua hilo, ikaiweka OpenPGP ndani ya Thunderbird yenyewe, na kuiwasha kwa wote kuanzia 78.2.1. Huo ni mfano wa kuchelewa kulikokuwa na maana: aliyesubiri hadi toleo hilo hakubaki bila njia ya kuzilinda barua zake.

SeaMonkey imepatwa na nini?

SeaMonkey ni mrithi wa ile Mozilla ya awali, kivinjari na barua pepe katika programu moja. Wakfu wa Mozilla ulitangaza Machi 2005 kwamba hautaiendeleza zaidi ya tawi la 1.7, na watu wa kujitolea wakaichukua na kutoa SeaMonkey 1.0 Januari 2006. Hali yake inasikitisha kuliko ya Thunderbird, kwani haina fedha za kuajiri mtu, na ina mzigo mkubwa zaidi wa kubeba. Kasi ya injini ilipoishinda, iliacha kuifukuzia: matoleo ya 2.53, yaliyoanza Februari 2020, yamejengwa juu ya Gecko ya zamani iliyoongezewa marekebisho yaliyochukuliwa kutoka matoleo ya mbele. Kuyahamisha marekebisho hayo kwa mkono, moja baada ya jingine, ni kazi ya uvumilivu mkubwa na wanaoifanya wanastahili heshima. Tovuti nyingi mpya, hata hivyo, hazifunguki ndani yake ipasavyo.

Kwa nini injini isisakinishwe mara moja tu kwenye kompyuta, kisha programu zote zikaitumia?

Wazo hilo lilijaribiwa. Liliitwa XULRunner, likatolewa kuanzia mwaka 2006, na baadhi ya mifumo ya Linux ikalitumia kweli, Debian ikiwa mojawapo. Kwa sisi tunaopakua kila kitu kwa bando, lilivutia sana: injini moja, sasisho moja. Tatizo lilikuwa kwamba injini ikisasishwa kwa ajili ya programu moja, nyingine zote zilizokaa juu yake zingeweza kuharibika siku hiyo hiyo. Ilionekana ni heri kila programu ibebe nakala yake iliyojaribiwa nayo, na mradi ukakomeshwa mwaka 2015. Gharama yake ni kwamba mwenye Firefox na Thunderbird hupakua na kuhifadhi injini karibu ile ile mara mbili.

Natumia Linux, na kwangu huchelewa hata zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu kuna mtu mwingine katikati. Debian hutoa Firefox ya ESR, ambayo hujengwa upya na wasimamizi wa Debian wenyewe. Tangu sehemu za Gecko zilipoanza kuandikwa kwa lugha ya Rust, kila ESR mpya imekuwa ikidai kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) mpya kuliko ile iliyomo katika mfumo ulio imara, hivyo kompaila lazima iandaliwe kwanza, kisha kivinjari, kisha programu ya barua pepe. Ubuntu ilichagua njia nyingine, yaani kufungasha Firefox kama snap, kifurushi kinachojitegemea, pamoja na vijenzi vyake vyote.

Na kwenye simu?

Thunderbird ya Android haitokani na Gecko. Ilitokana na K-9 Mail, programu huria iliyojiunga na Thunderbird Juni 2022, na hatimaye ilitolewa rasmi tarehe 30 Oktoba 2024, baadaye kuliko timu ilivyokuwa imetarajia mwanzoni. K-9 Mail haikuuawa. Hujengwa kutoka msimbo ule ule, na zinatofautiana hasa kwa jina na sura. Aliyekwisha kuizoea hana sababu ya kuhama.

Je, ni Mozilla pekee yenye tatizo hili?

La. Microsoft Edge, tangu Januari 2020, pamoja na Brave, Opera na Vivaldi, hujengwa juu ya Chromium, msingi huria wa Chrome, na wote husubiri msimbo wa Google. Machi 2020, janga la korona lilipovuruga kazi, Google ilisimamisha kwa muda matoleo ya Chrome, kisha ikaliruka toleo la 82 na kwenda moja kwa moja 83 mwezi Mei. Ratiba za wote waliolitegemea ziliyumba pamoja nayo.

Kompyuta yetu ya ofisini bado ina Windows 7. Tufanye nini?

Toleo la mwisho la Firefox kwa Windows 7 na 8 ni ESR 115, na Mozilla imeongeza muda wake wa marekebisho ya usalama zaidi ya mara moja. Hakikisheni angalau mna 115.13 au ya baadaye, kwa sababu tarehe 14 Machi 2025 cheti kimoja cha msingi cha Mozilla kiliisha muda, na katika matoleo ya nyuma yake viendelezi na baadhi ya huduma huenda visifanye kazi. Wakati huo huo wekeni mpango wa kubadilisha mfumo, kwa kuwa nyongeza za muda zina mwisho.

Nifanye nini ninaposubiri toleo jipya la Thunderbird?

Fungua sehemu ya kuihusu Thunderbird kwenye menyu ya usaidizi uone namba yako kamili. Ikiwa namba ya kwanza ni ya tawi ambalo bado linatunzwa, na zinazofuata ndizo za karibuni katika tawi hilo, uko salama hata kama Firefox imekuacha mbali. Kabla ya kuhamia toleo kubwa, funga programu na unakili folda nzima ya wasifu wako, ile inayohifadhi barua na mipangilio yako, kwenye diski nyingine, kwani wasifu uliokwisha kufunguliwa na toleo jipya kwa kawaida hukataliwa na toleo la zamani. Kisha kagua viendelezi unavyovitegemea kama vimeandaliwa kwa toleo hilo, na kama kimojawapo bado, baki kwenye tawi lako la sasa hadi mwenye nacho atakapokisasisha au hadi tawi hilo litakapoacha kutunzwa, lolote litakalotangulia.